Kipande cha Babu, Ikama ya Mjukuu

Mkataa pema, pabaya panamwita. Hiyo ndiyo hukumu wanayopewa mabinti zetu walioondoka katika nyumba za waajiri wao Saudi Arabia wakabaki huko bila karatasi. Nimeisikia kwenye baraza ya chifu kule Mutomo, kwenye matatu ya kutoka Wote kwenda Emali, na hata kanisani, katika mahubiri yaliyohusu utii. Inatolewa kwa sauti ya mtu anayedhani kesi imekwisha.

Hukumu hiyo ina vifungu vitatu. Cha kwanza, kwamba walitoroka kazi waliyoitia sahihi wenyewe, kwa hiyo ni wavunja sheria. Cha pili, kwamba walionywa wakaenda, kwa hiyo wamejitakia. Cha tatu, kwamba dawa ni moja tu, warudi nyumbani, na asiyetaka kurudi asitupigie kelele. Wanaosema hivi wengi wao si watu wenye roho mbaya. Wengine wana dada na binamu huko huko. Lakini hukumu yenyewe ni mbovu kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu inamkinga mwajiri aliyekosa na inaipa Serikali yetu kisingizio cha kukaa kimya.

Ninachodai ni hiki. Mwanamke wa Kitui au Makueni aliyeishi Riyadh au Jeddah miaka sita, minane au kumi bila kibali, akila jasho lake, anastahili kupewa njia ya kuwa mkaazi halali huko huko aliko. Na Serikali ya Kenya ina wajibu wa kuidai njia hiyo kwa niaba yake, kama inavyodai bei nzuri ya chai na parachichi zake.

Tuanze na madai ya kuvunja sheria. Anayeyatoa hajui karatasi hizo hupotea vipi. Mfanyakazi wa nyumbani huingia Saudi Arabia kwa viza inayomfunga kwa mwajiri mmoja, kafili wake. Kafili ndiye anayemtafutia ikama, yaani kibali cha ukaazi, na ndiye anayeihuisha. Pasipoti ya mfanyakazi mara nyingi huishia kwenye droo ya mwajiri, ingawa kuishikilia kumekatazwa na sheria za huko. Siku mfanyakazi anapoondoka, mwajiri huingia kwenye mfumo wa serikali kwa simu yake na kuripoti huruub, kwamba mtu wake ametoroka. Tangu hapo ikama imekufa. Mwanamke hawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu. Akiugua hospitali inamwogopesha, na akisimamishwa na polisi anaishia kizuizini.

Tafakari mpangilio huo. Mwanamke hakuulizwa kwa nini ameondoka. Huenda hakulipwa kwa miezi. Huenda alipigwa, au alilala jikoni saa nne kwa siku, au mwana wa nyumba alimwingilia usiku. Pengine hakuondoka kabisa. Mashirika ya haki za binadamu yameandika kwa miaka mingi kuhusu waajiri wanaoripoti huruub ya uongo ili kukwepa kulipa mishahara. Mfumo unampokea mwajiri anayebonyeza simu na kumhukumu asiyekuwepo. Ni kweli kwamba kanuni zinamruhusu asiyelipwa miezi mitatu kuhamia kwa mwajiri mwingine. Lakini atalithibitishaje hilo mtu aliyefungiwa ndani, simu yake imechukuliwa, na hajui Kiarabu cha ofisini?

Basi mtu huyu hakuikimbia sheria. Alikimbia nyumba, na sheria ikamfuata kwa sababu ilikuwa imewekwa mfukoni mwa mwenye nyumba. Watu wa Ukambani tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana babu zetu waliishi chini ya mfumo wa namna hiyo hiyo.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, na ikaanza kuitekeleza mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Kilikuwa na jina lake, alama za vidole vyake, kabila lake, jina la mwajiri na mshahara wake. Alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Alipotaka kuacha kazi, iwe kwenye mkonge wa Kibwezi, kwenye kahawa ya Thika au kwenye reli, mzungu wake alipaswa kutia sahihi kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa popote, na akiondoka hivyo hivyo alikuwa mhalifu. Angetafutwa kwa alama zake za vidole na kurudishwa, kutozwa faini au kutiwa jela.

Je, yupo Mkamba leo anayesimulia kwamba babu yake aliyeliacha shamba la mkonge baada ya kupigwa mijeledi alikuwa mvunja sheria aliyejitakia? Hayupo. Tunasimulia kwamba kipande kilikuwa dhuluma. Tunamkumbuka Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922 kwa kukipinga pamoja na kodi na kazi za lazima, na watu waliopigwa risasi Nairobi walipokwenda kudai aachiliwe. Mfumo ule ulipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, hakuna aliyesikitika kwamba watoro wameponyoka. Mjukuu wa mtu aliyevaa kikopo cha bati shingoni anapobanwa leo na karatasi inayotegemea idhini ya mwajiri mmoja, iweje tumhukumu kwa kanuni tuliyoikataa kwa babu?

Nitaambiwa kwamba mwajiri wa Saudi amelipa fedha nyingi kwa ofisi za kuajiri, na mfanyakazi anapoondoka amemtia hasara. Ni kweli hulipa, na wengine hulipa mno. Lakini alichokilipia ni huduma ya wakala na kazi ya miaka miwili. Hakumnunua mtu. Kama mkataba umevunjika kabla ya muda, kuna madai ya fedha baina ya mwajiri na wakala, na hayo yaamuliwe kama madai ya fedha. Katiba yetu, katika kifungu cha 30, inakataza mtu yeyote kuwekwa utumwani au kulazimishwa kufanya kazi. Kanuni hiyo haibadiliki ubora wake kwa sababu ndege imevuka Bahari ya Shamu.

Sasa kifungu cha pili, kwamba walijitakia. Hapa wasemaji husahau mambo waliyoyaona kwa macho yao. Kitui na Makueni ni kaunti kame, na ukame ulioanza mwaka 2020 ukaendelea hadi 2022 ulikausha mito ya mchanga ambayo watu walikuwa wakichimba na kupata maji miaka yote. Mahindi yalinyauka, ndengu hazikujaza, ng'ombe wakauzwa kwa bei ya mbuzi. Ndipo mawakala walipopita vijijini na habari za mshahara wa riyali 900 au 1,000 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 30,000 za siku hizi, chakula na malazi juu. Kwa msichana aliyemaliza kidato cha nne Zombe au Kathonzweni, ambaye kibarua cha siku nzima shambani kinamletea mia tatu au nne, hilo lilikuwa jambo la kufikiriwa na ukoo mzima. Wazazi walikaa kikao. Mbuzi waliuzwa ili apate nauli ya kwenda Nairobi kupima afya na kuchukua cheti cha tabia njema. Aliagwa kwa maombi. Leo waliomwombea wanasema alijipeleka mwenyewe.

Wala hakwenda kwa njia za panya. Mwaka 2014 Serikali ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati kwa sababu ya mateso yaliyokuwa yakiripotiwa, na mwaka 2017 ikafungua mlango tena baada ya kufanya makubaliano na Saudi Arabia. Ilisema mambo yametengenezwa. Maelfu wakaondoka kwa kuliamini neno hilo. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ikaliarifu Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia ndani ya miaka miwili hivi, vifo vingi vikiwa vimeandikwa kuwa moyo ulisimama. Wengi wa marehemu walikuwa vijana waliopimwa afya na kupewa cheti kabla ya kupanda ndege.

Sheria ya huko nayo haikuwatambua. Sheria ya kazi ya Saudi ya mwaka 2005 inawaweka wafanyakazi wa nyumbani nje yake kwa kuwataja. Mageuzi yaliyoanza Machi 2021, yaliyowapa wafanyakazi wa kampuni nafasi ya kubadilisha mwajiri bila kuomba ruhusa, yakawaacha nje kwa mara nyingine. Kanuni mpya zilizoanza Oktoba 2024 zimeleta nafuu, kwa sababu zinataja siku ya mapumziko kwa wiki na kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku, na nafuu hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo ukaazi wa mfanyakazi umebaki kufungwa kwa mwajiri wake. Aliyepelekwa mahali pa namna hiyo na Serikali yake yenyewe, kwa mkataba wa Serikali yake, hakujitakia. Alitii.

Nakuja kwenye kifungu cha tatu, ambacho ndicho kizito, kwa sababu kinavaa joho la huruma. Warudi nyumbani. Wabunge huyasema hayo kila maiti inapofika uwanja wa ndege, na watangazaji wa redio wanayarudia. Naelewa yanatoka wapi. Aliye kizuizini na anataka kurudi lazima arudishwe, tena upesi, na aliye hatarini lazima aokolewe. Ninachokataa ni kuyafanya hayo kuwa jibu la kila mtu.

Mwaka jana niliketi jioni na mama mmoja karibu na Ikutha. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na tangi jeusi la maji la lita 5,000, mfereji wa bati ukishuka kutoka paa jipya. Ndani alikuwa na risiti za karo za vijana wawili, amezipanga kwenye bahasha ya kaki kwa mwaka, muhula kwa muhula. Vyote vilitoka kwa binti mmoja aliyeondoka kwa kafili wake miaka mingi iliyopita na sasa anasafisha nyumba za familia tatu Riyadh, kila moja kwa siku zake. Walio kama yeye hujiita makemboi. Simu ilipoita mama aliiweka kwenye spika nisikie.

"Mwaitu, mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha siku mbili. Ndengu zimetoka ardhini. Na wewe mwanangu, ile karatasi umepata?"

"Bado, mama. Kuna madam anasema yuko tayari kuniandika, lakini pasipoti yangu ni ile ya zamani. Nimeambiwa haifanyi kazi tena."

Mazungumzo hayo mafupi yanaieleza hali nzima kuliko hotuba zetu. Kazi ipo. Mwajiri aliye tayari kumwandikisha yupo. Nchi inamhitaji, ndiyo maana familia tatu zinamlipa. Kilichokosekana ni karatasi, na mojawapo ya karatasi hizo ni ya Kenya. Serikali yetu iliondoa pasipoti za zamani, zikaacha kutumika mwisho wa Novemba 2022, na kila aliyekuwa nazo akatakiwa kuchukua pasipoti mpya ya kielektroniki. Mwanamke asiye na ikama, anayeogopa kupanda teksi kwa sababu ya misako ya barabarani, aliachwa na kijitabu kisichotambulika hata na nchi iliyokichapisha.

Mtu wa namna hii ukimwambia arudi, unamwambia nini? Kwanza, kurudi kwenyewe kunahitaji karatasi. Aliyeripotiwa huruub hapandi ndege kama msafiri wa kawaida. Hupitia kizuizi cha wanaofukuzwa, hupigwa alama za vidole, na hufungiwa mlango wa kuingia tena. Pili, anarudi kwenye nini? Anarudi Ikutha kwenye shamba lile lile na mvua ile ile, wadogo zake wakiwa katikati ya shule. Baada ya miezi michache wakala atapita tena na safari hii ataitwa mdogo wake. Kumrudisha mmoja na kumpeleka mwingine mpya asiyejua lugha wala mji hakujapunguza mateso hata chembe. Kumempa tu mwajiri mfanyakazi asiyejua haki zake badala ya yule aliyekwisha kuzijua.

Na miaka ina uzito. Mtu akiishi mahali miaka kumi ana jirani, ana lugha, ana wateja wanaomwamini kwa funguo za nyumba zao. Nchi nyingi zimeukubali ukweli huo na kuutungia sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986 iliyotiwa sahihi na Rais Ronald Reagan, iliwapa ukaazi watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi bila vibali. Hispania iliwahalalisha zaidi ya nusu milioni mwaka 2005, na kigezo kikuu kilikuwa kwamba mtu yuko nchini na anayo kazi. Hapa jirani, Tanzania ilikamilisha mwaka 2014 kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, watu wa mawimbi ya wakimbizi wa 1972 pamoja na watoto wao. Walikwenda mbali zaidi ya kibali. Walipewa nchi.

Hapo ndipo mpinzani wangu hodari husimama na kusema kwamba nchi ya watu ina wenyewe, na Kenya haiwezi kumwamuru Mfalme. Sawa, haiwezi kumwamuru. Inaweza kumwomba, kujadiliana naye na kumkumbusha aliyokwisha kuyafanya yeye mwenyewe. Mwaka 2013 Saudi Arabia ilifungua miezi kadhaa ambamo watu wasio na karatasi sawasawa waliruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mpya na kuhalalishwa bila adhabu, na idadi kubwa mno ya wageni wakanufaika. Mwaka huo huo ilianza kuwapa ikama watu wenye asili ya Burma waliokuwa wameishi Makka kwa miongo bila karatasi, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko. Na Mei 2025 Wizara ya Rasilimali Watu ya Saudi ilitangaza kipindi cha miezi sita kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani hasa, wale walioripotiwa kuacha kazi, ili waajiri wapya wawaandikishe kwa njia halali.

Kwa hiyo mlango ninaoutaja hauko kwenye ndoto. Umewahi kufunguliwa zaidi ya mara moja, na mwenye nyumba mwenyewe. Swali linalotuhusu sisi ni wangapi kati ya wetu walifika mlangoni wakiwa na pasipoti hai mkononi, na ni wangapi waliosikia habari hiyo siku za mwisho kupitia ujumbe wa sauti uliosambazwa mara mia. Nchi jirani ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilifungua msamaha wake Septemba 2024 na kuuongeza hadi mwisho wa Desemba. Aliyekuwa na karatasi za kwao zilizokamilika alihalalishwa au akaondoka bila faini. Asiyekuwa nazo alitazama siku zikipita.

Tena sisi wenyewe tuna historia ya kuonyesha. Wamakonde waliletwa Kenya kutoka Msumbiji na Tanganyika wakati wa ukoloni kufanya kazi kwenye mkonge na miwa ya Pwani. Waliishi Kwale kwa vizazi bila kitambulisho, hawawezi kusajili simu wala kumiliki shamba, wakiitwa wageni na watu waliozaliwa baada yao. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Walisimamishwa njiani, wakasonga mbele, wakapokewa Ikulu, na mwaka uliofuata vitambulisho vikaanza kutolewa. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kuhubiri, waliandikwa baada ya tangazo la Siku ya Jamhuri mwaka 2020, tangazo lililowagusa pia watu wenye asili ya Rwanda. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakafuata mwaka 2023. Kenya haikuporomoka. Wavuvi, wachongaji na mafundi waliokuwa wakifanya kazi gizani walianza kufanya kazi mchana. Nchi iliyoyatenda hayo kwa wageni wake ina uso wa kuyaomba kwa watu wake walioko ugenini, na ikikaa kimya inajinyima silaha yake bora.

Na si suala la uso peke yake. Mwaka 1979 Kenya iliridhia Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu wafanyakazi wahamiaji. Mkataba huo unasema kwamba hata mfanyakazi asiye na kibali ana haki zinazotokana na kazi aliyokwisha kuifanya, ujira wake ukiwemo, na unaziacha nchi huru kuwapa watu kama hao haki ya kubaki na kufanya kazi kihalali. Saudi Arabia haikuuridhia. Sisi tuliuridhia, na tumeuweka kabatini.

Nimeliacha jambo la watoto hadi hapa kwa sababu ndilo linalonitia uchungu kuliko yote. Wapo watoto wa mama zetu waliozaliwa Saudi Arabia nje ya ndoa, katika nchi ambamo uhusiano wa nje ya ndoa ni kosa la jinai. Mama aliogopa hospitali, ambako angedaiwa cheti cha ndoa, akajifungulia chumbani kwa msaada wa wenzake. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, hana pasipoti, haingii shule, na hata mama akitaka kurudi naye hawezi kumpitisha uwanja wa ndege. Mwaka 2023 Serikali yetu ilitangaza kwamba itachukua sampuli za DNA za watoto karibu 400 huko ili kuwatambua. Watu walipiga makofi.

Mimi sikupiga. Katiba ya Kenya, kifungu cha 14, inasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Mama anatosha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kifungu hicho cha 14 kinasema pia kwamba mtoto aliyeokotwa humu nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na wazazi wake hawajulikani, atachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Yaani mtoto wa kuokotwa kando ya barabara Mtito Andei, asiye na mama wala baba wa kutajwa, anapewa uraia bila kutolewa tone la damu. Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake Mkenya mjini Riyadh anaambiwa asubiri maabara.

Najua hofu ya maafisa. Wanaogopa kwamba mtu anaweza kujitwalia mtoto asiye wake na kumsafirisha. Hofu hiyo ni ya haki kwa kesi yenye shaka, na kesi yenye shaka ipimwe. Lakini kwetu, mtoto akizaliwa nyumbani Kyuso au Nguu, nani huleta kipimo? Mama huenda kwa naibu wa chifu, mkunga au jirani husema alikuwepo, fomu inajazwa, na cheti hufuata. Neno la mama na shahidi wake linaaminiwa. Kwa nini mama huyo huyo akivuka bahari neno lake linageuka kuwa la mshukiwa? Miezi na miaka ya kusubiri majibu ni miaka ya mtoto kukosa chanjo na shule. Na akifika hatimaye mikononi mwa bibi yake Makindu, shule inadai cheti cha kuzaliwa ili kumwingiza kwenye mfumo wa kitaifa wa wanafunzi, na bibi anaanza kuzunguka ofisi akiwa na mjukuu mwenye miaka sita ambaye kwenye vitabu hajazaliwa.

Basi tunadai nini? Ubalozi wa Riyadh uwape pasipoti mpya raia wote wanaozihitaji, bila kuuliza kafili ni nani wala ikama iko wapi, maana kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya pasipoti na hakitaji kafili. Maafisa watoke ofisini, wawafuate watu mitaani wanakoishi, siku za mapumziko yao. Mlango wa kuhalalishwa unapofunguliwa tena, habari itangazwe siku hiyo hiyo kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, Musyi FM isikike Kitui na mama ampigie binti yake. Makubaliano ya kazi na Saudi Arabia yanapojadiliwa upya, Kenya idai mambo mawili: huruub isipokewe kabla mfanyakazi hajasikilizwa, na mtu wetu aliyekaa miaka mingi aruhusiwe kuhamia kwa mwajiri aliye tayari, wakati wowote, bila kusubiri msamaha. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walioko nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na Saudi Arabia ni moja ya vyanzo vyake vikuu. Waliozituma wana haki ya kuketishwa mezani.

Kaunti zetu hazina ubalozi, lakini zina mikono. Binti hawezi kupata pasipoti mpya bila cheti cha kuzaliwa na nambari ya kitambulisho, na nyaraka hizo ziko nyumbani, kwenye masanduku ya mama zao na kwenye rejista za Kitui na Wote. Makueni ilisifika nchi nzima enzi za Gavana Kivutha Kibwana kwa kuwaketisha wananchi vijijini kupanga bajeti. Iwaketishe kwa njia hiyo hiyo wazazi wenye watoto ughaibuni, iorodheshe nani yuko wapi na anakosa karatasi gani, na impeleke ofisa wa sheria kusaidia. Kitui ifanye hivyo hivyo. Na familia ziache aibu. Mama anayemficha binti yake kwa sababu kijiji kinamwita mtoro anamnyima msaada ambao ni yeye tu anaweza kuuanzisha.

Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe wa watu wa Machakos kwa nguvu, Muindi Mbingu na maelfu ya wenzake walikwenda Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakimngojea Gavana. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi ule wa mifugo ulikoma. Hatukuwaambia waliopoteza ng'ombe kwamba wamejitakia. Tuliwasindikiza.

Agosti 2027 si mbali. Watakuja na mikutano Mwingi, Kibwezi na Mutomo, wenye kutaka ugavana, ubunge, useneta na urais. Kila mmoja aulizwe hadharani: binti yetu aliye Riyadh miaka minane bila ikama, utamfanyia nini apate karatasi akiwa huko huko, na mwanawe ataandikwa lini? Atakayejibu kwamba warudi nyumbani aambiwe aketi chini, kwa sababu hajalijibu swali.